Tiketi za Bure na Mkataba wa Miaka Yote: Maelezo juu ya Umiliki wa Nyumba kwa Zamu



Katika ukaguzi wa kawaida wa chama kimoja cha akiba na mikopo, katika wilaya ya wakulima wa kahawa, nilikuta juu ya meza ya Katibu ombi la mkopo ambalo halikufanana na mengine. Mengine yalikuwa ya mbolea, ada za shule na mabati. Hili lilikuwa la shilingi 5,200,000, na mahali pa kueleza madhumuni ya mkopo mzee mwombaji alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Kumsaidia binti yangu kulipia wiki." Katibu alidhani neno limekosewa. Alikuwa ameliweka ombi hilo katika jalada lingojee kikao cha Kamati ya Mikopo siku ya Jumanne. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Neno halikukosewa. Binti wa mzee ni muuguzi, anaishi na mumewe na watoto wao wawili katika jimbo la Texas, Marekani. Walikwenda mapumzikoni katika mji wa Orlando, jimbo la Florida, na wakiwa huko walinunua wiki moja ya kila mwaka katika jumba la mapumziko. Nakala ya mkataba binti alikuwa amempelekea baba yake kwa simu. Kwa ruhusa ya mzee, na pasipo kutaja jina la mtu wala la kampuni, naeleza hapa biashara hiyo ni ya namna gani, kwa nini huanza na zawadi, na nini kifanyike mtu akiisha kutia sahihi. Wanachama wenye watoto ng'ambo ni wengi siku hizi, na ombi la aina hii laweza kufika katika chama chochote.

WIKI INAVYOUZWA

Wenyewe huiita taimusheya. Katika maelezo haya tutaiita umiliki wa zamu. Nyumba moja ya mapumziko, yenye vyumba vya kulala, jiko na sebule, hugawanywa kwa majuma ya mwaka. Mnunuzi hapati nyumba, hupata zamu: juma moja kila mwaka, na majuma mengine ni ya watu wengine. Hivyo nyumba moja yaweza kuuzwa kwa watu hamsini na zaidi. Siku hizi makampuni mengi hayauzi tena juma lenye tarehe maalumu. Huuza pointi, ambazo mnunuzi huzitumia kuomba nafasi katika majumba mbalimbali ya kampuni, iwapo nafasi ipo.

Biashara hii ilianzia Ulaya katika miaka ya 1960. Mwaka 1963 ilianzishwa Uswisi kampuni iitwayo Hapimag, iliyouza hisa zenye kumpa mwenye hisa haki ya kukaa katika nyumba zake za mapumziko. Mwaka 1967 haki za namna hiyo zikauzwa huko Superdévoluy, katika milima ya Alps nchini Ufaransa. Baadaye ikavuka bahari. Mwaka 1974 iliundwa mjini Indianapolis, Marekani, kampuni ya RCI, ambayo kazi yake ni kuwawezesha wenye zamu kubadilishana: wa Florida akakae Hispania, wa Hispania aende Florida.

Wazo lenyewe si la hila, na sisi wanaushirika hatuna haki ya kulicheka. Watu wengi wakichangia kitu ambacho mmoja peke yake hakiwezi, hilo ndilo tulilofanya sisi kwa mashine za kukoboa kahawa na kwa matrekta. Wako wenye zamu Marekani na Ulaya wanaozitumia kila mwaka na kuridhika. Tatizo limo katika namna zamu inavyouzwa, na katika yale yanayomfuata mnunuzi akiisha kurudi kwake.

MEZA YA TIKETI

Orlando ni mji unaoishi kwa wageni. Kuna viwanja vikubwa vya michezo ya watoto, na tiketi ya mtu mmoja kwa siku moja katika vile mashuhuri hupita dola 100. Kando ya barabara za wageni, katika kumbi za hoteli na hata madukani, kuna meza zenye mabango ya tiketi za bei nafuu au za bure kabisa. Wanaokaa hapo ni wapiga debe wa makampuni ya zamu. Masharti yao ni mepesi: mgeni ahudhurie maelezo ya dakika 90, apewe kifungua kinywa, kisha achukue tiketi zake. Mahali pengine zawadi huwa ni chakula cha jioni, au fedha kidogo, au siku tatu za hoteli kwa bei ya kutupa.

Lakini si kila mtu hualikwa. Kwa kawaida mume na mke hutakiwa kufika pamoja, wawe na kipato cha kiwango fulani, na waje na kitambulisho pamoja na kadi ya benki ya kukopea. Sharti la mume na mke lina sababu yake. Sisi sote tunajua jibu la adabu la kumwepuka mchuuzi: "Nitazungumza na mwenzangu nyumbani." Mwenzako akiwa ameketi kando yako, jibu hilo limekwisha kunyang'anywa kabla hujalitamka.

Binti wa mzee na mumewe walikuwa wamekwisha kukubaliana usiku ule kwamba hawatanunua chochote. Watachukua tiketi nne na kuondoka. Asubuhi walipokewa na bwana mcheshi aliyekula nao, akawauliza kwao ni wapi, wazazi wao wazima, watoto wanapenda nini. Watoto wakapelekwa kwenye chumba cha michezo. Baada ya hapo akawatembeza katika nyumba safi yenye roshani ya kutazama bwawa, akawauliza wanatumia kiasi gani kwa hoteli kila mwaka, akazidisha kwa miaka 20 mbele ya macho yao. Bei ya kwanza ilikuwa dola 38,000. Walipokataa, hakuonyesha hasira, alionyesha masikitiko. Akaja mkubwa wake, akashusha hadi dola 29,000. Walipokataa tena akaja wa tatu, akasema ipo zamu moja iliyorudishwa na mwenyewe, dola 21,000, lakini bei hiyo ni ya siku hiyo tu, na wakitoka mlangoni haitakuwapo. Dakika 90 zilikuwa zimekwisha kuwa karibu saa tano. Watoto walikuwa na njaa. Wakatia sahihi.

Nilimwuliza binti huyo kwa simu ni nini hasa kilichowashinda, kwa kuwa ni watu wenye elimu. Alinijibu kwamba waliona haya. Yule bwana alikuwa amewatumikia tangu asubuhi.

Haya hiyo si ya binti wa mzee peke yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Dennis Regan, alitangaza jaribio lake moja dogo. Mtu mmoja aliwaletea wenzake chupa ya soda pasipo kuombwa, na baadaye akawauzia tiketi za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua tiketi takriban mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Kwa chupa moja ya soda! Nasi tusijidai kuwa hodari zaidi. Nakumbuka chama kimoja kilichotembelewa na muuza mabomba ya kunyunyizia dawa. Aliilisha Kamati nzima pilau na kumpa kila mjumbe kofia; nilipokagua ghala mwaka uliofuata nilikuta mabomba 14 yasiyofunguliwa, na wajumbe watatu bado wanazo kofia.

NANI ALIYELIPIA ZAWADI

Makampuni haya hayatoi sadaka. Tuchukue mfano wa hesabu: familia 10 zimealikwa, kila moja imepewa tiketi za dola 400, jumla dola 4,000. Familia tisa zikakataa na kuondoka na tiketi zao, na moja ikanunua kwa dola 21,000. Tiketi za wale tisa zimo ndani ya bei ya yule wa kumi, pamoja na mshahara wa mpiga debe, kamisheni ya muuzaji na ya mkubwa wake. Katika biashara hii gharama za kumtafuta na kumshawishi mnunuzi huweza kumeza karibu nusu ya bei. Ndiyo maana mnunuzi akitaka kuiuza zamu yake mwezi unaofuata hapati hata nusu. Zamu nyingi zilizotumika hutangazwa kwa dola moja, na bado hazipati mtu.

Sasa tufanye hesabu ya mkataba wenyewe, kama tungekagua mkopo wa mwanachama. Bei dola 21,000. Kishika uchumba kilicholipwa siku ile kwa kadi ya benki, dola 2,100. Ndizo hizo shilingi 5,200,000 alizokuja kukopa mzee. Salio la dola 18,900 lilikopeshwa na kampuni yenyewe kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwa miaka 10. Marejesho ni karibu dola 305 kila mwezi, na hadi mwisho zitakuwa zimelipwa karibu dola 36,600. Juu yake kuna ada ya matunzo ya nyumba, dola 1,100 kila mwaka. Hata kama ada hiyo isingepanda kamwe, kwa miaka 10 ni dola 11,000. Jumla ya yote ni karibu dola 50,000 kwa majuma 10 ya mapumziko, yaani dola 5,000 kwa juma, na nauli bado.

Ada nayo hupanda. Ikiongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 15 huwa imekuwa maradufu. Mkopo una mwisho, ada haina. Hudaiwa kila mwaka, mwenye zamu awe amekwenda au hakwenda, awe mzima au mgonjwa, na mikataba mingi ya Marekani haina ukomo wa miaka, hata zamu ikahesabiwa katika mirathi ya marehemu. Asiyelipa hupelekwa kwa wakusanya madeni, na jina lake huharibika katika kumbukumbu za wakopaji, jambo ambalo katika nchi ile humzuia mtu kupata hata nyumba ya kupanga.

Hapa mwanaushirika ataona tofauti. Katika chama chetu mchango hupitishwa na Mkutano Mkuu, kila mwanachama ana kura moja kama walivyofanya wale wa Rochdale tangu 1844, hesabu husomwa mbele ya wote, na anayetaka kujitoa ana kifungu cha kumwonyesha njia katika masharti ya chama. Mwenye zamu naye huitwa mmiliki, na huwa kuna bodi. Lakini kura huhesabiwa kwa zamu au kwa pointi, wala si kwa vichwa. Kampuni iliyojenga ikiwa bado inashikilia zamu nyingi ambazo hazijauzwa, kura zake ni nyingi kuliko za familia mia, na mara nyingi msimamizi anayelipwa kwa ada hiyo ni kampuni ndugu na ile ile. Mimi binafsi neno hilo "mmiliki" naliona limetumiwa kwa ukarimu mno.

SIKU ZINAZOHESABIWA

Sehemu hii naomba Makatibu waisome mara mbili.

Malalamiko ya wanunuzi yamekuwapo muda mrefu. Katika pwani za Hispania na visiwa vyake, miaka ya 1980 na 1990, vijana walisimama njiani wakiwagawia watalii wa Kiingereza kadi za kukwangua, na ajabu ni kwamba kila aliyekwangua alishinda. Zawadi ilikuwa ikachukuliwe kwenye ukumbi wa mauzo. Serikali zikaingilia kati. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1992 ikimpa mnunuzi siku 14 za kubadili nia. Jumuiya ya Ulaya ikatoa agizo lake mwaka 1994 la siku zisizopungua 10, na mwaka 2009 agizo jipya la siku 14, ambamo ni marufuku muuzaji kupokea fedha yoyote kabla ya siku hizo kwisha. Hispania yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1998, iliweka ukomo wa miaka 50 kwa mikataba hii, na mwezi Januari 2015 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mkataba uliouzwa kuwa wa milele kinyume cha sheria hiyo ni batili.

Marekani kila jimbo lina sheria yake. Nevada, uliko mji wa Las Vegas, hutoa siku 5. Mexico, ambako Wamarekani wengi hununua, ni siku 5 za kazi. Florida hutoa siku 10 za kalenda, zikihesabiwa tangu kutia sahihi au tangu kupokea hati ya mwisho inayotakiwa, lolote litakalochelewa. Mnunuzi hahitaji kutoa sababu, wala hatozwi chochote. Sharti ni kwamba aandike barua. Simu au neno la mdomo havitoshi. Barua huhesabiwa tangu siku ilipopelekwa, si siku ilipopokewa. Tena sheria hiyo husema kwamba hata mtu akishawishiwa kuitupa haki hiyo, kuitupa kwake ni bure.

Hayo yote yalikuwamo katika mkataba wa binti wa mzee, karibu na mahali pa sahihi, tena kwa herufi zilizokolezwa. Siri haikuwapo. Alipoulizia aya ile aliambiwa ni maneno ya kawaida ya wanasheria, naye akageuza ukurasa.

Nilihesabu siku kwa vidole mbele ya Katibu. Sahihi ilitiwa siku ya Jumamosi. Ijumaa tuliyokuwa nayo ilikuwa siku ya sita. Siku ya kumi ilikuwa Jumanne, siku ile ile ya kikao cha Kamati ya Mikopo. Kamati ingeketi alasiri kama kawaida, ingejadili, pengine ingemhurumia mzee na kupitisha, na fedha zingetoka kwenda kulipia mkataba ambao jioni ya siku hiyo ungekuwa umefunga. Simlaumu Katibu, alifuata utaratibu. Lakini ombi lolote linaloambatana na mkataba uliotiwa sahihi, wa ng'ambo au wa hapa nchini, litazamwe kwanza tarehe yake kabla ya kitu kingine, na mwombaji aulizwe siku ile ile kama kuna muda wa kujitoa.

Waliochelewa hali yao ni nyingine, na hapo pana mtego wa pili. Mtu aliyeelemewa na ada hupigiwa simu na watu wanaodai wamempatia mnunuzi wa zamu yake, au kwamba wanaweza kumtoa katika mkataba, mradi atangulize ada au kodi fulani. Akilipa, hudaiwa nyingine. Mwaka 2024 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilieleza kwamba kati ya 2019 na 2023 Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 katika ulaghai wa zamu unaohusiana na Mexico, na Wizara ya Fedha ya nchi hiyo ikayahusisha magenge ya dawa za kulevya na ulaghai huo. Aliyekwisha kupitiwa na siku zake na aanze kwa kampuni yenyewe, kwani baadhi hukubali kuipokea zamu isiyo na deni. Asimlipe mtu yeyote wa simu kabla kazi haijafanyika.

Huenda mwanachama akauliza kama mtoto wake asihudhurie kabisa maelezo hayo. Kuhudhuria si kosa, na zawadi ni halali ya aliyetimiza muda ulioandikwa katika mwaliko. Wapo wanaokwenda mara kwa mara na kutoka mikono mitupu ila tiketi. Ila aende akijua kwamba kazi yake siku hiyo ni kukataa, na tiketi ndizo ujira wake. Aweke saa mbele yake, asitoe maelezo ya kwa nini hataki, maana kila sababu ina jibu lililoandaliwa, na chochote ambacho hakiwezi kungoja hadi kesho akihesabu kuwa kimekataliwa. Yule aonaye haya upesi, kama nilivyo mimi, na anunue tiketi zake dirishani kama watu wengine.

Jioni ya Ijumaa ile mzee alimpigia binti yake simu kutoka ofisini kwa Katibu, nami nikamsomea aya ile kwa Kiingereza changu cha sekondari. Kwanza alikataa. Alisema yule bwana alikuwa mwema, na kwamba ingekuwa kama kumdhulumu. Mzee akachukua simu, akasema kwa Kichagga maneno ambayo sikuyaelewa yote. Siku ya Jumamosi asubuhi, kwa saa za Texas, barua ilipelekwa posta kwa rejista, ikiwa na namba ya mkataba, majina ya wote wawili na sahihi zao, na nakala ya stakabadhi ya posta tukaipata usiku huo. Wiki ya nne dola 2,100 zilirudishwa katika kadi. Ombi la mkopo lilifutwa kwa maandishi ya mzee mwenyewe, na limo katika jalada kwa yeyote atakayefanya ukaguzi baada yangu.

Tiketi nne zilikuwa zimetumika tangu Jumapili. Hakuna aliyezidai.